Nami Nilicheka

Ndugu msomaji, ipo methali ambayo sisi tuliokulia Ujiji tumeisikia tangu hatujajua kufunga vifungo vya shati: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Zamani niliipenda, niliiona ni methali ya watu wenye akili. Siku hizi inanikera. Hebu itazame vizuri. Mwenzako yuko kwenye kigoda, wembe uko utosini, na pengine wembe wenyewe butu. Wewe unaambiwa ufanye nini? Ulowanishe kichwa chako. Huambiwi umshikie kioo, wala huambiwi umwombe kinyozi apunguze mkono. Ni methali ya mtu anayejiokoa mwenyewe, na mimi nimeitii kuliko wengi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Swali langu ni hili: je, mtu anaweza kuwa mwenzako ndani ya chumba, na mkitoka nje asiwe mwenzako? Siulizi habari za mapenzi, ingawa najua mawazo ya wengi yatakimbilia huko. Nauliza habari za watu wawili, baadaye watatu, waliofanya kazi katikati ya vitabu, na ambao vichwa vyao havikwenda kama vichwa vya wengine.

Nianze na changu. Mimi nataka kuwa mwandishi wa riwaya, na herufi hazinipendi. Kusoma najua, lakini nikiutazama mstari bila kuuwekea kipande cha boksi chini yake, maneno yanaanza kusukumana kama abiria wa treni wanaogombea mlango. Herufi b na d kwangu ni pacha. 68 na 86 ni pacha. Shuleni niliitwa mvivu, na fimbo za uvivu nilizipata zote, nyingine hata na nyongeza. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018 na cheti ambacho sikukitundika ukutani. Nikakaa kijiweni Mwanga miaka miwili na ushee, nikiwasimulia washikaji hadithi ambazo walidhani nimeziona kwenye video, kumbe nazitunga pale pale.

Mwaka 2021 mjomba alinitafutia kibarua kwenye maktaba ndogo ya ofisi moja mjini Kigoma. Jina la ofisi nalihifadhi. Watu wake wengine mpaka leo wananisalimia vizuri, na mimi sikuja hapa kushitaki mtu, isipokuwa mmoja, naye ni mwenye makala haya. Kazi yenyewe ilikuwa kufuta vumbi, kugonga mhuri wa tarehe, kuwanyamazisha wanafunzi, na kurudisha vitabu kwenye rafu zake. Hili la mwisho ndilo lililokuwa jehanamu.

Kwa asiyejua, vitabu vya maktaba havipangwi kwa ukubwa wala kwa uzuri wa jalada. Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, mwaka 1876 alitoa mpango wa kuyagawa maarifa yote ya binadamu katika mafungu kumi, kuanzia 000 mpaka 999, kisha kila fungu likakatwa vipande vidogo kwa nukta na desimali. Historia ya Tanzania ni 967.8. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Namba inabandikwa mgongoni mwa kitabu, na kitabu kikikaa mahali pasipo pake basi hesabu kimepotea, hata kama kiko hatua mbili kutoka ulipokaa. Wiki yangu ya kwanza riwaya za Kiswahili nilizipeleka 869. Huko, kwa taarifa yako, ni fasihi ya Kireno, na sisi hatukuwa na kitabu cha Kireno hata kimoja. Zikakaa peke yake kama wageni waliofika arusini siku moja kabla.

Aliyeziona alikuwa dada mmoja aliyekuwa mtaalamu wa kupanga pale. Nitamwita Dada tu, maana ndivyo nilivyomwita, naye aliniita mdogo wangu. Alikuwa mtu wa Ujiji kama mimi, amenizidi kama miaka kumi na mitano. Hakumtazama mtu machoni. Ukimsalimia alijibu ukutani. Kila siku chakula chake kilikuwa ugali na mgebuka, na mgebuka ukikosekana sokoni alishinda njaa. Taa ya mrija iliyokuwa ikivuma darini, ambayo mimi sikuisikia mpaka aliponiambia, yeye ilimtoa machozi kufika saa nane mchana. Kiti kikikwaruza sakafu alikunja uso kana kwamba amepigwa. Lakini namba! Ungemtajia kitabu angekupa namba yake, rafu yake, na jina la mtu wa mwisho kukiazima. Wenzetu walimwita Kompyuta. Walisema kwa kumsifu, na walisema kwa kumkejeli, ilitegemea siku.

Dada hakuniuliza kitu. Siku ya pili nilikuta rafu zimefungwa nyuzi za sufi: nyekundu kwenye 800, kijani kwenye 900, manjano kwenye 300, na kuendelea. Kila kitabu kilichorudishwa kilikuwa na kipande cha karatasi kilichopakwa rangi ya rafu yake, na namba imeandikwa kubwa, tarakimu zimeachana. "Mdogo wangu, soma rangi kwanza. Namba baadaye," akauambia ukuta. Basi. Hakunipa pole, hakuniuliza shuleni ilikuwaje.

Nami nikatafuta cha kumlipa. Nilichukua kandambili zangu zilizokwisha, nikazikata vipande, nikavibandika chini ya miguu ya viti vyote vya chumba cha kusomea. Viti ishirini na vinne, jioni mbili. Wasomaji waliokuja na maswali mengi nikawa ninawapokea mimi. Simu ikilia nashika mimi. Wakati wa likizo, wanafunzi wakijaa na madaftari yao wenyewe (maktaba zetu, si unajua, watu wanafuata meza na kiti kuliko kitabu), yeye aliingia chumba cha nyuma kuunganisha vitabu vilivyoraruka, mimi nikabaki mbele na kelele. Hakuna aliyetupangia hivyo. Mkubwa wetu aliona tu kazi inakwenda, akadhani inakwenda kwa sababu yeye yupo.

Baadaye akaongezeka wa tatu. Alikuwa mwalimu wa sekondari moja upande wa Ujiji, aliyekabidhiwa stoo ya vitabu ya shule yake kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Mwalimu huyu hawezi kukaa dakika tano kwenye kiti. Anaanza sentensi Gungu, anaimalizia Bangwe. Alikuwa na kalamu tatu masikioni na bado anatafuta kalamu. Alikuja kuuliza namna ya kupanga stoo, akasahau begi, akalirudia, akasahau kofia. Mara ya tatu Dada alimwambia ukutani, "Mwalimu, ufunge daftari shingoni." Mwalimu akalifunga kweli. Mpaka leo analo, kama kengele ya mbuzi, na anajicheka mwenyewe.

Jumamosi baada ya kufunga tulianza kuteremka watatu mpaka Kibirizi. Tulikaa mbali kidogo na maboti yanayopakia watu na mizigo ya vijiji vya kaskazini, mahali ambapo kina mama huanika dagaa mchangani. Kama si mbalamwezi unaona wavuvi wakiingia majini na taa zao, moja baada ya moja, mpaka ziwa linakuwa kama mji mwingine. Pale kulikuwa na taratibu ambazo hakuna aliyezitunga. Anayetaka kunyamaza ananyamaza. Anayetaka kuondoka anaondoka, hata kama mwenzake yuko katikati ya neno, wala si ugomvi. Mwalimu alizungukazunguka huku anaongea, tukamzoea kama mtu anavyozoea feni. Na Dada aliruhusiwa kusimulia habari za Liemba kila Jumamosi, toka mwanzo, bila kukatizwa: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa hapa Kigoma, mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isichukuliwe na adui, 1924 Waingereza wakaiibua, 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Alizisema tarehe hizo kwa mpango ule ule, na alipofika 1927 mabega yake yalishuka, uso ukatulia. Mwanzoni niliona ajabu. Baadaye nikawa naisubiri 1927 kama yeye.

Nimejiuliza pale palikuwa ni nini. Hospitali hapakuwa, maana kati yetu hakuna aliyewahi kupimwa na mtu. Chama hapakuwa, hatukuwa na mwenyekiti wala mchango. Siku moja Dada alinionyesha kwenye kitabu cha mpango wa Dewey mahali pangu na pake. Tatizo la kusoma, 616.8553. Usonji, 616.85882. Vyote viko katika fungu la magonjwa, rafu moja. "Sisi ni majirani," akasema. Nikakasirika. Nikamwambia mimi si mgonjwa, mimi nataka kukaa 896.392 pamoja na waandishi. Akafikiri kidogo. "Mimi sijali rafu," akasema. "Mradi mtu akinitafuta anajua pa kunipata."

Neno usonji siku hizi linasikika redioni, hasa kila inapofika Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa jambo hilo kwa azimio la mwaka 2007. Linasemwa zaidi juu ya watoto. Ukisikiliza unaweza kudhani watoto wale wakifika miaka kumi na minane wanayeyuka. Kumbe wanakua, wanatafuta kazi, na wengine kazi wanayoipenda ni ile yenye mpangilio, yenye ukimya, yenye kanuni isiyobadilika kwa sababu bosi kaamka vibaya. Maktaba kwa mbali inaonekana ndiyo hiyo. Kwa karibu ina viti, taa, simu, wageni, na wafanyakazi wenye midomo.

Huko duniani wapo waliolifikiria jambo hili kabla yetu. Mwaka 1992 Jim Sinclair wa Marekani na wenzake, akiwemo Donna Williams, mwandishi wa Australia aliyeandika kitabu cha maisha yake mwenyewe mwaka huo huo, walianzisha mtandao wa watu wenye usonji ulioendeshwa na wenye usonji wenyewe. Hawakuwa wazazi wao wala madaktari wao. Mwaka 1996 wakaanza kukutana kambini kila mwaka. Watu wa mikutano ile walikuja kutumia beji za rangi, rangi moja ikiwa na maana ya kwamba leo usinisemeshe. Niliposoma hayo kwenye simu (nayasikiliza, kusema kweli, simu inanisomea) nilizikumbuka nyuzi za Dada. Mwaka 1998 ndipo Judy Singer, naye wa Australia, alipoandika juu ya wazo kwamba bongo za watu zinatofautiana kama viumbe vya msituni vinavyotofautiana, na kwamba tofauti hiyo si kasoro yote. Angalia mpangilio wake basi: watu walikaa pamoja kwanza, jina zuri likawafuata nyuma. Wapo wanaosema mpaka upate cheti cha daktari ndipo uwatafute wenzako. Sisi Kibirizi tungesubiri cheti, tungekuwa tunasubiri mpaka leo.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Mwaka 2022, mwezi wa sita, ofisi ilipata wageni. Walikuja na spika kubwa mbili, kipaza sauti, na kikundi cha vijana wa ngoma na vigelegele. Shughuli ilifanywa ndani ya chumba cha kusomea, kwa kuwa nje jua lilikuwa kali. Viti vilikodiwa vya ziada, vya chuma, visivyo na kandambili. Dada aliamriwa asimame mlangoni awapokee wageni na kuwashika mikono, maana yeye ni mtaalamu. Nilimwona amesimama, mdomo unahesabu kimya kimya. Kipaza sauti kilipopiga mluzi, ule mluzi mnaoujua, Dada aliziba masikio, akapiga ukelele mmoja, akakimbilia chumba cha nyuma. Tulimkuta chini ya meza ya gundi, anajitikisa mbele na nyuma, anazitaja: kumi na tatu, kumi na sita, ishirini na nne, ishirini na saba. Wenzangu hawakuelewa ni namba gani. Mimi nilielewa. Ilikuwa Liemba.

Mmoja akanigeukia. "We si rafiki yake? Ana nini huyu?"

Ndugu msomaji, nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema kelele zinamuumiza, tumwache, tufunge mlango. Maneno sita au saba. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikasema, "Mi simjui sana. Labda kapandisha mashetani." Wakacheka. Nami nilicheka. Nilicheka kwa sauti, kama mtu anayelipa nauli. Na Dada, ambaye alisikia taa ikivuma, alinisikia.

Kwa nini nilicheka? Hapa ndipo falsafa inapoanza, na ndipo mtu anapoweza kujidanganya kwa maneno mazuri, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Utetezi wangu wa kwanza ni mkate. Nilikuwa kibarua. Kama wangejua kwamba anayeshika 68 na 86 kwangu ni Dada, siku ile ile ningerudi kijiweni. Kila mtu ana haki ya kuficha udhaifu wake mahali ambapo udhaifu unafukuzisha kazi. Hili naliamini mpaka leo. Simtaki mtu yeyote ajitangaze ili kunifurahisha mimi au kuipamba hoja. Lakini kuficha siri yangu hakukunitaka niseme uongo juu yake. Ningeweza kuendelea kujificha na bado nikasema "mwacheni". Nilichokifanya ni kuchukua aibu iliyokuwa inanitafuta mimi, nikaielekeza kwake, kwa kuwa yeye tayari alikuwa chini ya meza. Kujificha ni jambo moja. Kujificha nyuma ya mtu ni jingine.

Utetezi wa pili ni ujinga: sikujua ana nini, labda kweli yalikuwa mashetani. Huu ulinishikilia wiki nzima, mpaka nikamkumbuka bibi. Bibi yangu alikuwa mtu wa ngoma za mashetani. Nikiwa mdogo nilichungulia mara nyingi. Mtu akipanda hakuachwa peke yake hata dakika. Wapo waliomdaka asijigonge, wapo waliomfunika kanga asifunuke, na waliomshika si wageni: ni watu ambao wenyewe walishapanda, waliolala pale pale chini miaka iliyotangulia. Mtaalamu mmoja wa Marekani, John Janzen, aliyezichunguza ngoma za namna hiyo Dar es Salaam, Kinshasa, Mbabane na Cape Town, aliandika kitabu mwaka 1992 akakiita Ngoma, na moja ya mambo aliyoyaeleza ni hilo: kwamba aliyeugua huingizwa katika jamaa ya waliougua, na njia ya kupona inampeleka kuwa mganga wa wengine. Kwa hiyo hata kama ningekuwa sahihi. Hata kama Dada angekuwa na mashetani saba yenye majina. Desturi ya nyumba niliyolelewa ilinitaka nipige magoti, niingie chini ya meza. Nilichukua neno la bibi nikaiacha kazi ya bibi.

Utetezi wa tatu nimeupewa na rafiki yangu mmoja, msomi kidogo, anasema: hayo si mambo yako, ni ya mwajiri na serikali. Kuna ukweli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Sisi tulikuwa saba, hesabu haikutufikia. Na hata ingetufikia, kwenye fomu ungejaza nini? Kwamba huyu haoni? Anaona kuliko sisi. Mimi nakubali kabisa kwamba haifai watu wawili dhaifu kubebana huku wenye nguvu wanatazama. Kandambili zile zilitakiwa ziwe fedha za ofisi. Lakini swali aliloniuliza yule mwenzangu, "ana nini huyu", halikuulizwa kwa waziri. Niliulizwa mimi.

Watu wetu wana methali nyingine wanayoitoa mtu anapochekwa namna hii: hujafa, hujaumbika. Maana yake usimcheke mlemavu, kesho unaweza kuwa wewe. Ni nzuri, imenyamazisha vinywa vingi. Ila kwangu haikufanya kazi, maana haikuwa kesho. Nilikuwa tayari. Niliumbwa hivyo, na yeye vile, na aliyejua hilo zaidi ya wote pale ndani ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa. Nimegundua kitu kibaya: kufanana na mtu hakukufanyi umpende. Wakati mwingine kunakufanya umkimbie zaidi kuliko wageni wanavyomkimbia, kwa sababu unaogopa kuonekana ndani yake. Watu wanaosema wanaofanana wakikusanywa tu basi watasaidiana, hawajawahi kuwa chini ya meza wala juu yake.

Nilitegemea Jumatatu nyuzi zitakuwa zimefunguliwa. Nilifika mapema, moyo unadunda. Zilikuwepo. Na kwenye rundo la vitabu vilivyorudishwa, kila kimoja kilikuwa na karatasi yake, rangi imepakwa, tarakimu zimeachana. Hakuniambia neno. Jumamosi hakuja Kibirizi, wala Jumamosi iliyofuata, wala nyingine yoyote. Ila vikaratasi viliendelea, miezi mitano na siku, mpaka Desemba alipoondoka kwenda kuishi na kaka yake Kasulu. Nimelala macho nyingi kwa vikaratasi vile. Angenitukana ningekuwa nimelipa. Sijui kama alinisamehe au kwake kitabu kupotea ni jambo baya kuliko mimi kuwa mwongo. Pengine vyote.

Alipoondoka, mtu mpya alizing'oa nyuzi, akasema ni uchafu. Wiki ya pili riwaya zilirudi Ureno. Kazi nikaiacha kabla haijaniacha.

Sasa hivi Jumamosi tuko watatu tena. Mwalimu na daftari lake shingoni, mimi, na kijana mmoja wa kidato cha tatu ambaye Mwalimu alimkuta stoo anapanga vitabu kwa urefu, analia kwa sababu havilingani. Siku ya kwanza alikaa ametupa mgongo, anahesabu taa za wavuvi. Hatukumsemesha. Mwezi uliopita vijana wengine walipita pale ufukweni, mmoja anasoma naye, wakaanza: huyo chizi wenu leo anahesabu nini? Nilisimama. Sikuwa na hotuba. Nikasema, anahesabu taa, na mimi siwezi kusoma vizuri, na huyu mwalimu kasahau viatu vyake nyumbani, tazama. Walimtazama Mwalimu miguuni. Ilikuwa kweli, hakuwa na viatu, mwenyewe alishangaa. Wakacheka, lakini kicheko kikawa hakina pa kutua, wakaenda zao. Magoti yangu yalitetemeka mpaka magharibi. Kijana alikuwa amefika taa arobaini na moja.

Nimemwandikia Dada barua. Kupiga simu haifai, simu inamuumiza. Naiandika kwanza kwa kuisema, halafu naiandika kwa mkono, nikiwa nimeweka kipande cha boksi chini ya kila mstari, na hii ni mara ya nne naianza upya, maana kila nikiisoma nakuta nimejitetea mahali fulani. Samahani ipo mstari wa kwanza, peke yake. Chini yake nimemweleza yaliyotokea kwenye nyuzi, na kijana wa taa. Kijana huyo anauliza Liemba ilichukua masanduku mangapi kuja Kigoma, na mimi na Mwalimu hatuna hakika.

Mwalimu anapanda basi la Kasulu Ijumaa, ataibeba. Ameniomba bahasha niiandike kwa kalamu nyekundu, kubwa, na niifunge kwenye daftari.